Taa ya Harusi Haizimwi

Ijumaa iliyopita tulimwacha Hind binti Jaffar katikati ya njia ya Ndia Kuu, Mombasa, mtoto begani, mkono mmoja juu, akiipungia eropleni kama mtu afukuzaye kunguru kwenye mtama. Bado yuko pale. Na eropleni bado inashuka.

Aliyekosa gazeti la wiki jana asihuzunike. Mambo yenyewe ni mafupi, na mjinga wetu ni mmoja tu, angalau mpaka sasa.

Ni mwaka wa vita vya Waingereza na Wajerumani. Huko Kizingo, kwa Wazungu upande wa bahari, kuna kapteni ambaye watu wa mji humwita Bwana Tayari, kwa kuwa kila aulizwapo jambo hujibu "tayari". Aliwaandikia wakubwa zake kwamba Mombasa iko tayari kupokea eropleni. Uwanja wa huko ulikuwa tayari, maana nyasi zimefyekwa. Taa zilikuwa tayari, maana Ami Sheikhan, fundi wa bati, alizikusanya nyumba kwa nyumba katika Mji wa Kale, fanusi thelathini na nane, kila moja imefungwa uzi wa rangi ya mwenyewe ili isipotee.

Eropleni ilikuwa ifike alasiri. Alasiri ikapita. Magharibi ikapita. Bwana Tayari akasema basi ni kesho, akaenda kula.

Usiku huo huo mji ulikuwa na harusi. Bi Mwanabaraka alikuwa akimwoza binti yake Ummulkheir, na harusi ya Mji wa Kale haiwi harusi mpaka kila nyumba ilete taa yake, na kila taa isimamiwe na mwanamke wake. Wenye taa wakazifuata taa zao Kizingo, wakazirudisha mjini.

Kisiwa kizima kilikuwa giza kwa amri ya serikali. Bi Mwanabaraka aliambiwa habari za amri hiyo. Alijibu kwamba amri ni ya taa, na hii ni harusi.

Sasa jiweke wewe angani, msomaji. Umeambiwa utafute mistari miwili ya taa. Chini yako hakuna kitu ila weusi, na katikati ya weusi huo mistari miwili mizuri, imenyooka, kutoka msikitini mpaka mlangoni kwa Bi Mwanabaraka. Utafanyaje? Utashukuru Mungu na utainamisha pua.

Hind alikuwa na sababu yake ya kuhofu kuliko wote. Mumewe, Taib, mkalimani wa jeshi huko Voi, alimpigia simu ya maandishi asubuhi: NAKUJA LEO KWA EROPLENI. MIMI NDIYE MWONYESHA NJIA. MWOGESHE MTOTO. Marubani walikuwa wameuliza nani aijuaye Mombasa. Taib akasema yeye, kila kichochoro. Hakuna aliyemuuliza kama amewahi kuiona kutoka juu. Na yeye hakusema, kwa sababu Afaf, bintiye, ana miezi saba na babake hajamtia machoni.

Mtoto alikuwa ameoga. Hilo tu ndilo lililokwenda sawasawa siku ile.

* * *

Eropleni ilipita juu ya Ndia Kuu kwa kishindo kilichozimisha vigelegele. Ikang'oa mlingoti wa bendera juu ya paa la bwana harusi, ikachukua na kanzu mbili zilizoanikwa, ikapaa tena upande wa bahari.

Wanawake wote walikuwa chini, wamelala kifudifudi. Hakuna taa iliyozimika. Kila mmoja alikuwa ameikumbatia yake.

Hind alimkuta Bi Mwanabaraka amesimama vile vile mlangoni, mkono kiunoni, akitazama juu kama mtu aliyetukanwa na jirani.

"Shangazi, zimeni taa," Hind akasema. "Itarudi. Wanadhani huu ndio uwanja."

"Basi ni wapumbavu. Njia yangu haina hata jani."

"Taib yumo ndani."

"Mwanangu, Taib nimemlea mimi. Lakini taa ya harusi haizimwi mpaka bwana harusi avuke kizingiti. Mamangu hakuzima, na nyanyangu hakuzima mvua ikinyesha ndani ya nyumba. Leo nimtie binti yangu mkosi kwa sababu Mzungu hajui njia?"

Wanawake waliokuwa chini wakaitikia kwamba kweli, tena kweli tupu. Mmoja akataja harusi ya fulani ambayo taa zilizimwa na upepo, na yule mwanamke mpaka leo hana mtoto. Mwingine akasema ana watoto watano. Wa kwanza akasema ndiyo, lakini wote wamefanana na babao.

Muungurumo ukageuka kule baharini. Ulikuwa unarudi.

Hind akamhamishia Afaf bega la pili. Hakuwa na muda wa kubishana na nyanya aliyekwisha kufa.

"Shangazi, Ummulkheir sasa hivi amefunikwa au hakufunikwa?"

"Amefunikwa. Wataka akae kichwa wazi?"

"Na kwa kufunikwa, amezimika?"

Bi Mwanabaraka akamtazama. Akatazama mbingu. Akatazama zile safu mbili za taa alizoziomba nyumba thelathini na nane kwa mdomo wake mwenyewe.

"Funikeni," akasema. "Haizimwi. Lakini sikusikia mtu akisema kwamba haioni haya."

Ndipo likatokea jambo ambalo Mji wa Kale haukuwahi kuliona, na usiku ule pia haukuliona. Wanawake wenye heshima zao, waliozoea kupita njia hii wamezungukwa na shiraa la kitambaa pande zote nne ili jicho la mwanamume lisiwapate, walivua mabuibui katikati ya Ndia Kuu na kuyatandaza juu ya taa, huku wameyashika juu kama hema ndogo ili yasiungue. Nywele, shingo, vipini vya dhahabu, vyote nje. Na hakuna aliyeona, kwa kuwa hakukuwa na taa.

Eropleni ikafika. Haikukuta kitu. Ikasita, mlio wake ukabadilika, ikapanda juu na kwenda zake.

Wakashangilia. Bi Mwanabaraka akamshika Hind shavu akamwambia ana akili ya mamake. Hind akacheka, akambusu Afaf utosini, na hapo hapo kicheko kikakatika.

Alikuwa amemzuia mumewe asianguke juu ya mji. Sasa amempa bahari.

Juu hakuna tena kitu cha kuonekana. Watazunguka na kuzunguka mpaka mafuta yaishe, kisha watatua popote Mungu atakapowatua, na kisiwa, kama ilivyo ada ya visiwa, kimezungukwa na maji.

* * *

Ami Sheikhan alitokea kichochoroni anahema. Alikuwa mtu mnene mwenye vidole vilivyojaa makovu ya risasi ya kulehemu, na usiku huo uso wake ulikuwa wa mtu aliyeziahidi taa zilezile mahali pawili. Akasema taa zote zirudi uwanjani, sasa hivi, nipeni nizipeleke.

Hakuna aliyempa.

Kumbe zile taa, zilipokwenda Kizingo mara ya kwanza, zilirudi na vioo viwili vimepasuka na utambi mmoja umekatwa na mtu asiyejulikana. Wanawake wakasema taa hazitoki tena mkononi. Ami Sheikhan akaapa. Wakamwambia ahifadhi kiapo chake, atakihitaji akhera.

"Taa yangu haiendi Kizingo bila mimi," akasema mama mmoja mwenye uzi wa kijani.

Yalitosha hayo. Neno moja likapita safu nzima, na kwa dakika moja ikaamuliwa kwamba wanawake thelathini na wanane, ambao kesho yake wangemsema Hind kwa kutoka nyumbani usiku, wote watoke usiku.

Mbele ya Ngome ya Yesu zilikuwako troli nne, vile vigari vya viti vinavyosukumwa na watu juu ya reli nyembamba, na ndivyo waendavyo wakubwa wa Kizingo ili wasichafue viatu. Msimamizi wa wasukumaji, Kadenge, alikuwa amelala kwenye kiti cha bwana wake. Alipoona wanawake wanakuja mbio wamekumbatia mabuibui yanayong'aa kwa ndani, akadhani amekufa na hawa ndio malaika wake, na akashangaa kwamba wako wengi hivi.

Hind akamweleza. Kadenge akasema haiwezekani, troli ni za Bwana Tayari na wenzake, zinawangoja watoke kwenye chakula.

"Bwana Tayari alisemaje juu ya taa za uwanjani?"

"Alisema taa tayari."

"Basi usimfanye bwana wako muongo."

Kadenge akafikiri kidogo. Alikuwa mtu mwaminifu.

"Pandeni," akasema.

Walipanda waliopanda, wakakimbia waliokimbia. Bi Mwanabaraka aliketi mbele kabisa kwenye troli ya kwanza, taa yake magotini, akimwambia Kadenge asukume polepole, na Kadenge akimwambia mama, hii ndiyo polepole. Mtelemko ulikuwa umekwisha wachukua.

Nyuma yao, kwenye Ndia Kuu, msafara wa bwana harusi ulitokea msikitini ukipiga twari na kuimba kasida, ukakuta giza, mlango wazi, na bibi harusi peke yake na nyanyake kiziwi. Bwana harusi, Kamaludin, aliuliza taa zimekwenda wapi. Akaonyeshwa. Na kwa kuwa ni ada ya miaka na miaka kwamba bwana harusi hufuata taa, alizifuata. Wanaume sitini wakageuka na twari zao kuelekea Kizingo, bila kukatisha ubeti.

* * *

Bwana Tayari alikuwa uwanjani tayari, kitambaa cha kulia kimemning'inia shingoni. Mlio ulimkuta kwenye mchuzi. Alikuwa amepigilia vijiti vyeupe kuonyesha taa zikae wapi: mistari miwili kutoka mashariki kwenda magharibi, ikiishia mbele ya viti vinne ambapo mabibi wa Kizingo wangeketi kuiona eropleni ikisimama miguuni pao.

Vijiti vilikuwa vizuri sana. Kosa lake lilikuwa moja tu. Ilikuwa Julai, kusi limekaza, na upepo ulikuwa ukitoka baharini na kukata mistari ile katikati. Chombo chepesi kinachotua kwa kupigwa ubavuni na kusi hakifiki kwenye viti. Kinafika kwenye mawe. Mvulana yeyote mwenye tiara analijua hilo, lakini hakuna aliyemwomba Bwana Tayari amwulize mvulana.

Kapteni alipoona taa, alifurahi mno. Akaanza kuamrisha kwa Kiingereza, akionyesha vijiti, akinyoosha mikono mashariki na magharibi. Watu wakamtazama kwa adabu. Alihitaji mkalimani, na mkalimani wa jeshi alikuwa angani.

Kwa hiyo watu wakasimama walivyosimama, huku watatu, huku wanne, taa zimetapakaa kama mahindi yaliyomwagika. Hind alikuwa akikimbia toka kundi hili hadi lile, Afaf sasa analia, akiwaomba wapange mistari miwili. Kila mtu alikubali. Kila mtu akauliza, mistari ielekee wapi?

Hapo msafara wa harusi ukaingia. Mbele yake alikuwa Aidarus, mwadhini, mzee mwenye sauti ya kuamsha mtaa mzima na asiyejua kitu chochote juu ya eropleni. Aidarus aliona jambo moja tu. Aliona Waislamu mia moja uwanjani, usiku, wamesimama ovyo.

Miaka thelathini na moja amepanga watu kwenye uwanja wa Idi. Hakuweza kujizuia.

"Nyoosheni safu," akanadi.

Na safu, msomaji, haina pande mbili za kuelekea. Haijalishi ni giza, haijalishi ni Kizingo. Miguu ya watu wa Mombasa inajua kibla kilipo kama mdomo unavyojua kikombe, na kibla, kutoka hapa kwetu, ni kaskazini kabisa. Aidarus alipowatenga wanaume upande wa mashariki na wanawake upande wa magharibi, safu fupi fupi moja nyuma ya nyingine, mwenye taa kwenye ncha ya ndani ya kila safu, taa zikanyooka kwenye mstari wa kibla, kaskazini na kusini. Akataka kati ya wanaume na wanawake pawe na nafasi ya heshima. Akapima mwenyewe kwa miguu. Hatua hamsini.

Wanawake wakawapa waume zao na ndugu zao nusu ya taa, kila mmoja akimwambia wake kwamba kioo kikipasuka asirudi nyumbani.

Bwana Tayari alikuwa akipiga kelele na kung'oa vijiti vyake. Alitaka kumvuta Ami Sheikhan kanzu amgeuze. Ami Sheikhan akampa mkono, akamwambia karibu, akamsimamisha safuni.

Mistari miwili ilikuwa imekaa sawasawa na upepo.

Mlio ulikuja kutoka upande wa mji. Ukapungua. Kisha ukakatika kabisa, na kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kelele. Hind alifumba macho. Alimfunika Afaf uso kwa kiganja, kama kwamba mtoto ndiye anayeona.

Ikapita kati yao, nyeusi, ikipiga miluzi. Ikagusa ardhi, ikaruka kama mbuzi, ikagusa tena. Kusi lililokuwa mbele yake likaishika kifuani kama mtu anayemzuia mlevi. Gurudumu moja likagonga kichuguu, likavunjika, eropleni ikalala bawa moja na kusimama katikati ya safu, salama, hatua ishirini kutoka kwa Bi Mwanabaraka, ambaye hakurudi nyuma.

"Huyu naye," akasema, "hakupiga hodi."

* * *

Hind alikwisha fika kabla vumbi halijatulia. Alikuwa amemwinua Afaf mbele yake kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka sinia kwa wageni.

Rubani aliteremka. Alikuwa kijana mwekundu mwenye miwani mikubwa. Nyuma yake kwenye kiti cha pili hakukuwa na mtu. Kulikuwa na magunia mawili ya barua.

"Taib yuko wapi?" Hind akamwuliza.

Rubani alikuwa na Kiswahili cha bara, kile cha kuamrishia wapagazi. Akakitafuta mfukoni mwake chote.

"Taib? Taib iko nyuma. Ndege ingine. Injini kidogo mgonjwa, sasa iko kuja." Akaonyesha angani, kisha akatabasamu, kwa kuwa alikuwa hai na kila kitu kilimpendeza. "Yeye najua njia. Mimi hapana jua. Mimi naona taa tu."

Kumbe aliyepotea ndiye aliyefika, na mwonyesha njia ndiye aliyebaki.

Barua kutoka kwa wakubwa wa kapteni ilikuwa imesema wazi kwamba zitakuja eropleni mbili. Barua hiyo ilikuwa mfukoni mwa Bwana Tayari, imekunjwa vizuri, tayari. Hakuwa ameifungua ukurasa wa pili.

Wakati Hind anamgeukia amwambie kwamba nyingine inakuja, kapteni alikuwa amekwisha panda juu ya bawa lililolala, ameketi, anaandika kwenye daftari lake kwamba eropleni imetua kwa mpango aliouweka mwenyewe. Alipomaliza, akakumbuka sheria. Kazi imekwisha, na kisiwa ni marufuku kuwa na taa. Akapuliza firimbi na kuashiria kwa mkono kama anayekata koo.

Hilo halikuhitaji mkalimani. Wanaume wakapuliza taa zao, moja baada ya moja, safu nzima. Upande wa wanawake nao ukawa giza. Bwana Tayari akaridhika.

Giza likawa kamili. Hind alisimama ndani yake na mtoto wake, hajui ashike wapi.

Ndipo, mbali sana, juu ya mji, upande wa kibla, akasikia mlio wa pili.

Alimwita Bi Mwanabaraka. Hakumwita kwa sauti kubwa, alimwita kama mtu aitwavyo usingizini.

"Nipo, mwanangu," sauti ikajibu, karibu, imetulia. "Sasa watetemekea nini? Bwana harusi amevuka kizingiti?"

"Hajavuka."

"Basi."

Na Bi Mwanabaraka akafunua buibui lake. Mwanga ukamwagika miguuni pake. Jirani yake akafunua, na jirani wa jirani yake, mpaka mwisho wa safu, fanusi kumi na tisa, zote hai, zenye nyuzi zao za kijani na nyekundu na manjano. Hakuna hata mwanamke mmoja aliyezima. Wangezimaje, nao wanajua ada?

Hind akalia kidogo. Si sana, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameona jambo lingine.

Mwanga ule ulifika mpaka katikati ya uwanja. Ukaonyesha nyasi. Ukaonyesha gurudumu lililovunjika. Ukaonyesha eropleni ya kwanza imelala pale pale, kati ya safu na safu, kubwa kama nyumba, mahali hasa ambapo ya pili ingekuja kukanyaga. Na juu ya bawa lake Bwana Tayari, anatafuta firimbi.

Haisukumiki. Rubani na Kadenge walikwisha jaribu, haikutikisika. Wanaume walikuwa wakivuka mbio zile hatua hamsini za heshima kuja kuomba moto kwa wake zao ili warudi kuisimamisha safu yao ilipokuwa. Na wakirudi ilipokuwa, taa zitawaka vizuri, zitanyooka vizuri, na zitamwongoza Taib moja kwa moja hadi kwenye ile eropleni iliyolala.

"Msirudi," Hind akasema.

Hawakusikia. Akasema tena, akamshika Aidarus mkono wa kanzu, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mwanamume asiye wake. Akamwambia safu ya wanawake ikae hapa hapa. Safu ya wanaume iache upande wa mashariki, ivuke, ikasimame upande wa pili, magharibi. Nafasi ni ile ile, kibla ni kile kile. Njia itakuwa mpya, nayo ni tupu.

Aidarus alimtazama yule mwanamke mdogo, kichwa wazi, mtoto kiunoni.

"Bi Hind," akasema, "tangu lini safu ya wanaume ikapangwa na mwanamke?"

Mlio ulikuwa juu ya Ngome. Ukaanza kupungua.

Hind alichukua fanusi ya Bi Mwanabaraka mkononi mwake, na Bi Mwanabaraka akaiachia. Akaelekea magharibi, gizani, akihesabu kwa sauti ili wamsikie, thelathini, arobaini, huku Afaf ameacha kulia na ameikodolea taa macho. Kwenye hamsini akasimama. Akaiinua juu kadiri mkono ulivyoweza.

Angani mlio ukakatika.

Akageuka nyuma kutazama kama kuna anayemfuata.